Wazee Watatu wa Ujerumani na Vyombo ya Maziwa

Siku yangu ya kwanza, Padri Ekonome alinipa raklete moja, ndoo mbili, vitambaa tatu na onyo moja. Raklete ni ule muti murefu wenye kauchu mbele, wa kuvuta maji chini. Padri Ekonome njo alikuwa anachunga funguo na vitu yote ya nyumba. Alikuwa mutu mufupi, anatembea sawa mwenye nyumba yake inaungua.

"Mama Vero," aliniambia, "utafagia kalasi, utapangusa madirisha, utafuta chaki ku tablo. Lakini tablo ya Padri Profesa usiiguse mbele hajakuambia. Mwenye alikuwa hapa mbele yako aliifuta, akaenda."

"Akaenda wapi, Padri?"

"Kwao."

Nilichukua ndoo zangu nikaanza kazi. Nyinyi wenye munasoma maneno haya, munatafuta kazi na diplome tatu mu enveloppe, mujue kama mimi niliingia ile nyumba na troisième primaire, mwaka wa tatu wa shule ya musingi tu. Kusoma nilijua, lakini polepole, sawa mutu anavuka muto juu ya mawe.

Ilikuwa nyumba kubwa ya masomo ya filozofi, hapa Bunia, ya mapadri. Wakati wa vita ilifungwa. Mimi niliingia wakati walikuwa wametoka kuifungua; mu ukuta uliona alama ya duara duara, pale walijaza simenti mu matundu ya risasi na hawakupata rangi ya kufanana. Amani ilikuwa imefika, lakini ilikuwa amani ya kulala na viatu mu miguu. Nilikuwa mujane, ninakaa mu mutaa wa Lumumba na watoto wangu wane, na ile kazi njo ilikuwa ukuta wa nyumba yangu.

Kusafisha kalasi iko na akili yake. Watu wanafikiri ni kumwaga maji tu. Unaanza na ufagio mukavu, kutoka kwa pembe ya mbali mpaka kwa mulango, juu ukimwaga maji juu ya vumbi ya Bunia, umetengeneza tofali. Kisha maji, kisha raklete, unavuta mustari moja mpaka mwisho bila kusimama. Ukisimama katikati inabaki alama, na Ekonome ataiona. Tablo vilevile: kitambaa kikavu kwanza, ya maji nyuma. Na mimi niliongeza sheria yangu mwenyewe: mbele ya kufuta, nisome. Nilisema, kama maneno inakufa mu mukono yangu, angalau nijue jina yake.

Ni hivyo nilijua Wazee watatu wa Ujerumani.

Padri Profesa alikuwa mutu wa magharibi ya inchi yetu, kule ng'ombe wanamuona zaidi mu sahani. Alikaa Ujerumani miaka mingi, akarudi na miwani minene na somo moja lenye alipenda kupita chakula: ni nini uzuri, na sanaa iko na kazi gani. Majina ya wale Wazungu ilikuwa migumu, basi wanafunzi waliwapa majina yetu. Wa kwanza walimuita Muzee wa Saa, juu alikuwa anatoka kutembea saa ileile kila siku, watu wa muji wanapanga saa zao juu yake. Huyo alisema uzuri ya kweli unaiona wakati hautake kitu. Ukiona ua na unafikiri kuliuza, ao kulila, ao kumupatia mwanamuke akupende, haujaona ua; umeona faida yako.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu mu kalasi. Nilisema, huyu hajalea watoto. Lakini asubuhi moja ninapangusa dirisha ya upande wa ziwa, ukungu ilikuwa imelala mu mabonde, vichwa ya milima vinatoka juu yake sawa migongo ya ng'ombe mu majani. Nilisimama na kitambaa mu mukono. Ndoo ilikuwa inamwaga maji, sikusikia. Sikutaka kitu. Nilipoamuka nilisema: Muzee, umenipata.

Wa pili alikuwa Muzee wa Historia. Huyo alisema zamani watu walipiga magoti mbele ya sanamu, lakini ile wakati imepita. Leo tunaangalia sanamu, tunaiwazia, lakini hatupige magoti tena. Sanaa imemaliza kazi yake kubwa. Huyo sikumupenda. Alikuwa sawa mutu anakuja ku matanga mbele muzee hajakufa.

Wa tatu alikuwa Muzee wa Viatu. Aliangalia picha ya viatu vilivyochakaa, akasema mu ile viatu anaona shamba, baridi, matope, kuchoka ya mwenye kuvaa, dunia yake yote. Kwa huyo nilichelewa kufuta tablo siku mbili. Wanafunzi waliniona.

"Mama Vero, weye uko upande ya nani?"

"Mimi niko upande ya raklete. Inua miguu."

Mwaka wangu wa tatu, Profesa alianza kutayarisha sale ya vyombo, chumba ya kuonyesha vitu ya zamani. Alizunguka mu vijiji, akaomba watu vitu yenye vita viliacha: vikapu, viti ya muti, na zaidi vyombo ya maziwa ya wafugaji, ile vibuyu ya shingo ndefu na vyombo ya muti yenye kuchongwa, na vifuniko ya kusuka yenye mutu anasuka muwezi muzima. Vyombo ya maziwa vilikuwa kumi. Aliviweka mu vitirini, kabati ya vioo, na kwa mulango aliandika sheria: hakuna kugusa, hakuna kufungua. Mimi nilipewa kazi ya kupangusa vioo, inje tu.

Na alivipanga midomo chini.

Alifanya hivyo juu chini ya vile vyombo iko na kuchongwa muzuri sana, na alitaka watu waone. Lakini kwetu wafugaji chombo ya maziwa haikae mudomo chini hata siku moja, isipokuwa mwenye nyumba amekufa na ng'ombe wanalia. Mutu akiingia kwako akikuta vyombo vimegeuka, haulize habari, anavua kofia. Sasa fikiri: wazee wenye walitoa vyombo walikuja kuvitembelea, wakafika kwa mulango, wakaona matanga kumi mu kioo. Waliinamisha kichwa, wakarudi bila kusema. Profesa alinifuata mu koridoo.

"Mama Vero, hawa watu hawapende sanaa?"

"Padri, umewaonyesha kifo yao." Nikamueleza.

Alisikiliza vizuri, sitamusingizia. Kisha akasema, "Mama, hayo ni desturi. Mu vitirini, chombo imetoka mu desturi, imebaki uzuri tu. Uzuri haina matanga."

Nilichukua ndoo yangu. Mutu wa troisième primaire anajifunza kunyamaza. Lakini sitasema nilikubali.

Miezi tatu ikapita. Siku moja, nikipangusa kioo, niliona vumbi ndani, chini ya vyombo. Sasa hapa njo kazi yangu inaingia, kitu yenye hakuna kitabu ilinifundisha. Vumbi ya Bunia ni nyekundu. Vumbi ya chaki ni nyeupe, inalala sawa. Hii ilikuwa nyeupe ya kuchafuka, sawa unga wa muhogo, na ilikuwa mafungu madogo madogo, moja moja, sawa mutu amepima na vidole. Ni dudu zinatoboa. Chombo ya maziwa inaishi na moshi na mafuta: kila siku mama anachoma majani ya harufu, anaingiza moshi mu tumbo ya chombo, anapaka siagi. Ukiiacha mukavu, bila moshi, dudu wanaijenga sawa hoteli.

Nilimuambia Profesa. Alishituka kweli, juu alipenda vile vyombo. Akasema, "Ijumaa nitapulizia dawa ya dudu."

"Padri, ukitia ile dawa, hakuna mutu atakunywa tena mu ile chombo."

"Hakuna mutu atakunywa, Mama. Ni vitirini."

Lakini mu ile vitirini kulikuwa na kibuyu kirefu ya Koko Dina, bibi muzee wa njia ya Bogoro. Ng'ombe zake zote ziliisha mu vita. Siku alileta ile kibuyu nilikuwa nasimama pale na ndoo. Alisema, "Ninawapa muniwekee. Sikuwapa iwe yenu." Profesa aliandika mu rejista "zawadi." Mimi nilisikia "muniwekee." Sasa walitaka kutia sumu mu kitu ya kuwekwa.

Alhamisi asubuhi, Profesa akiwa mu kalasi ya saa mbili, nilichukua funguo kwa musumari ya Ekonome. Nilitoa vyombo viwili viwili, nikavipeleka nyuma ya jikoni, nikawasha majani. Tisa nilirudisha. Na ya kumi, kibuyu ya Koko Dina, ilikuwa mu mukono yangu, inatoa moshi kwa mudomo sawa muzee na kiko yake, wakati Ekonome alitokea.

"Mama Vero. Unapika nini?"

"Sipike, Padri. Ninaponyesha."

"Utaponyesha mbele ya Padri Rekteri."

Padri Rekteri njo alikuwa mukubwa wa nyumba yote, muzee wa kule Mahagi, mwana wa wavuvi, mutu wa maneno kidogo. Niliingia burô yake na kibuyu mu mukono, juu hakuna mwenye aliniambia niiweke wapi. Profesa alikuwa tayari amesimama pale, miwani imepanda ku paji la uso.

"Uliiba?" Rekteri aliuliza.

"Hapana, Padri. Mwizi anatoka na kitu. Mimi nilikuwa ninarudi nayo."

Profesa alisema, "Padri Rekteri, ameingiza moshi mu kazi ya sanaa. Huyu ni mama muzuri, lakini kitu ya sanaa haina kazi ya jikoni. Tunasimama mbali nayo, tunaiangalia."

"Padri Profesa," nilisema, "Muzee wa Viatu hakufundisha hivyo."

Ekonome aliangalia chini.

"Nani alikufundisha Muzee wa Viatu?" Profesa aliuliza.

"Weye. Tablo ni yangu ya kufuta, na mbele ya kufuta ninasoma. Yule muzee aliona dunia mu viatu ya kuchakaa. Hakuiona mu viatu ya dukani yenye iko na karatasi ndani. Weye unataka chombo ya maziwa yenye haikumbuke maziwa."

Rekteri alikohoa, lakini ile kikohozi ilikuwa na meno ya kucheka.

Profesa hakukasirika. Alikuwa mupiganaji wa maneno, na alipenda mutu anarudisha ngumi. Alinikaribia. "Vizuri. Na Muzee wa Saa, je? Weye ukiangalia ile kibuyu unawaza maziwa. Basi hauone kibuyu, Mama Vero. Unaona tumbo yako."

Ile neno ilinipiga, juu ilikuwa na ukweli. Nilifikiri watoto wangu, nikafikiri ile asubuhi ya ukungu. Na jibu ilikuja yenyewe.

"Ni kweli, Padri. Nikiwa na njaa, sione uzuri, ninaona maziwa. Lakini nikisha kukunywa, nikishiba, njo ninakaa, ninageuza kibuyu mu mukono, ninaangalia shingo yake na kifuniko yake, na sitake kitu tena. Ile kutotaka kitu yenye Muzee wa Saa anasema, inakuja nyuma ya kushiba. Yeye alianzia pale juu alikuwa ameshiba tayari."

Profesa alishusha miwani, akaandika kitu mu kikaratasi. Mimi nilifikiri anaandika barua ya kunifukuza.

Rekteri alisema, "Mimi ni mwana wa ziwa, sijui ng'ombe. Sheria ninaijua: Mama Vero alifungua kabati bila ruhusa, na hii iko na malipo yake. Ufunguzi wa sale mbele ya watu ni kisha juma mbili. Mama Vero, utachunga vyombo hivi kwa njia yako. Ile siku, kama vumbi ya dudu iko bado, Profesa atatia dawa na weye utarudisha raklete."

"Na ikikosekana?" Profesa aliuliza.

"Weye utageuza vyombo midomo juu. Na mukono yako mwenyewe, mbele ya watu."

Nilikata kanzu nyeusi ya zamani yenye Ekonome alikuwa anataka kutupa, nikaweka kipande chini ya kila chombo, juu vumbi nyeupe haiwezi kujificha juu ya nyeusi. Kila asubuhi moshi, kila asubuhi kuangalia. Siku ya kwanza, mafungu kumi. Siku ya tatu, saba. Siku ya tano, saba. Siku ya saba, saba tena. Ekonome alipita, akaangalia, akaniuliza pole pole kama ndoo zote mbili ziko nzima, na mimi nilijua anafanya orodha.

Nilitafuta kosa yangu. Niliikuta aibu tupu: nilisahau siagi. Tangu vita mimi pia sikuwa na ng'ombe; mikono yangu ilikumbuka moshi, ikasahau mafuta. Moshi bila siagi inafukuza dudu ya inje tu. Yenye iko mu tundu inafunga mulango inangoja. Nilituma neno kwa Koko Dina. Alikuja mwenyewe juu ya pikipiki, siagi imefungwa mu jani ya ndizi, kidogo sawa ngumi ya mutoto.

"Umetoa wapi siagi, Koko?"

"Mukwe wangu alinipa mutamba. Imezaa." Aliangalia vyombo mu vitirini, midomo chini, akageuza uso. "Vero, hii nyumba inazika nani?"

"Nipe juma moja, Koko."

Nyuma ya jikoni alinisukuma pembeni na kiwiko, akakaa chini, akaanza kujaza matundu na ukucha, moja moja, anapasha chombo joto ku makaa kwanza ndipo siagi iingie. "Weye ulikuwa unaosha watu simenti mpaka ukasahau," aliniambia. Nilikubali matusi juu ilikuwa haki.

Siku ya tisa, mafungu mawili. Siku ya kumi na moja, hakuna.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Walikuwa wa upande huu na wa upande ule, wenye miaka kidogo nyuma hawangesimama mu uwanja moja, na kila mutu alisimama karibu ya mulango yake ya kukimbilia. Wazee wenye vyombo walibaki inje, kofia mu mukono, sawa ku matanga. Padri Rekteri alisema jina ya Profesa tu.

Profesa alipiga magoti mbele ya vitirini na kanzu yake nyeupe. Alitoa vitambaa vyeusi kumi, akavipeleka kwa dirisha, akapitisha kidole juu ya kila moja. Mimi nilisimama na raklete yangu, nimeisafisha kwa kuirudisha, kama ni lazima. Alifika kwa ya kumi. Aliangalia kidole yake inje, ndani, akavua miwani akaangalia tena.

"Safi," alisema.

Kisha akashika chombo ya kwanza na mikono mbili, akaigeuza mudomo juu. Ya pili. Alipofika ya ine, mama mumoja kule inje alipiga kigelegele, na wale wazee waliweka kofia ku kichwa wakaingia. Wote. Walijaa mpaka sikupata pa kusimama mu sale yenye ninafagia mwenyewe.

Koko Dina alikuja na maziwa mu bidon ya plastiki. Alichukua kibuyu yake bila kuomba ruhusa, akanusa, akasikiliza ndani yake, akamimina. Alimupa Profesa wa kwanza. Profesa alikunywa yote. Alibaki na kibuyu mu mukono, mustari mweupe juu ya mudomo, anaigeuza pole pole.

"Padri Profesa, unaonaje?" nilimuuliza.

"Uniache kidogo, Mama Vero. Ninaangalia."

Koko Dina alirudi kwake na kibuyu yake ile siku. Ekonome alilia juu ya pengo mu vitirini, lakini Profesa alifuta neno "zawadi" mu rejista, akachukua karatasi, akaandika etiketi ya pale mahali tupu: *Iko kazini.* Wanafunzi walicheka, wakasema Muzee wa Historia amepata jibu yake.

Kutoka pale sikuvuta tena raklete peke yangu. Rekteri alinipa barua yenye tampo, muhuri ya nyumba: muchungaji wa sale. Nilichunga ile sale chini ya marekteri watatu. Yule wa pili alipenda karatasi. Alinidai ripoti ya kila muwezi, nikamuandikia mustari tatu, hakupata kosa. Yule wa tatu alikuwa mwanafunzi wa zamani, mumoja wa wale niliwaambia wainue miguu. Wageni walikuja na kamera, na kila mumoja nilimuambia anuse kwanza. Vyombo vilitoka kwa ndoa, vikarudi na harufu ya maziwa. Vingine havikurudi, na mimi nilifurahi. Mwaka mumoja vita ilirudi, njia zikafungwa na watu wakajaa mu uwanja wa kanisa; tulifungua vitirini, watoto wakakunywa mu sanaa. Hakuna chombo ilivunjika.

Nikapumzika wakati magoti ilikataa ngazi. Kuna wenye wanazeeka wakisema kazi yao ilikuwa ya kudharauliwa. Mimi hapana. Nilifuta tablo ya watu wenye akili miaka kumi na saba, na nilibakia na maneno mingi kupita wenye walikuwa wanaandika. Kazi ndogo haiko. Iko tu mutu anafanya bila kuangalia.

Mujukuu yangu Grasi anasoma pale sasa, juu leo wasichana pia wanaingia, mwaka wa kwanza ya filozofi. Muwezi jana alirudi na karatasi ya exame, ya mutihani, anaificha nyuma.

"Koko, mu somo la Profesa, nyuma ya wale Wajerumani watatu, kuna sehemu inaitwa 'Jibu la muchungaji.' Uzuri unakuja nyuma ya kushiba. Ni weye?"

"Ni mimi. Nionyeshe karatasi."

Aliitoa. Ile swali ya muchungaji njo alikosa. Alipata douze juu ya vingt, kumi na mbili juu ya makumi mbili.

"Douze," nilisema. "Juu ya mambo ya koko yako mwenyewe, mu kichwa yenye nilisuka nywele yake asubuhi, unaniletea douze."

"Profesa alisema sikuelewa kwa nini ni *nyuma* ya kushiba."

"Alisema haki. Angekupa dix, kumi tu." Nilisogeza kiti, nikamimina maziwa mu kikombe, nikaiweka mbele yake. "Ukunywe kwanza. Usiseme neno. Ukimaliza, njo tutaanza."